Mbwa wa Meneja Wana Majina, Baba Yake Hana

Umande bado haujakauka kwenye mkonge, na Bartholomeo Jumatatu amekwisha kata na kufunga mafungu kadhaa. Mikono yake imechanwachanwa na miiba. Kila mara anainua kichwa kutazama ukingo wa shamba, palipoegeshwa trekta. Hapo ndipo alipozikwa baba yake.

Wakubwa wa shamba hili, karibu na Ngerengere, wametangaza kwamba mvua za vuli zisije zikakuta makaburi ya manamba, vibarua wa mkataba wa zamani, hayajalimwa. Panatakiwa mkonge. Litaachwa kaburi lile tu ambalo ndugu wataleta jina la marehemu na la kwao.

Bartholomeo alikwenda ofisini na jina alilokuwa nalo.

"Karani akaniambia, 'Ndugu, Jumatatu ni siku. Tuletee jina la mtu.' Wenzake wakacheka," anasema. "Si shamba hilihili lililompa siku badala ya jina?"

Ndivyo ilivyokuwa. Enzi za mkoloni, manamba waliposhushwa kwenye malori, hakuna aliyejisumbua kuwauliza ukoo. Aliyefika Jumatatu akaitwa Jumatatu, basi. Lakini nyuma ya nyumba ya meneja wa zamani yako makaburi mawili ya saruji, majina yamechongwa vizuri, na hayo hayaguswi. Ni ya mbwa wake. Mtu asikasirike vipi?

Mama yake Bartholomeo, Mluguru wa Matombo, alitangulia. Baba naye alipofariki, mtoto akachukuliwa na mjomba. Kitu kimoja hakukisahau: siku ya mazishi mwanamke mmoja alishuka kaburini akajilaza, akimwita marehemu mvivu na mlafi, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Mtoto akamrushia mawe.

"Nilimchukia miaka mingi," anasema. "Utu uzima ndio ulionifanya nijiulize: nani anaweza kumtukana maiti namna ile, na watu wakanyamaza, kama si mtani wake?"

Mwezi uliopita akamfuata, maana mtani humjua mtani wake kwa kabila na ukoo. Mama Felista, mjane Mhehe, sasa anauza viazi stesheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si wewe uliyenipasua kichwa?" Akacheka mpaka machozi. "Mimi Mhehe, baba yako Mngoni, Komba wa Peramiho. Wangoni wenyewe tuliwachapa, halafu nimlilie?"

Bartholomeo akarudi ofisini mbio. Karani akaliandika jina, kisha akasema neno la mtani halitoshi. Waje ndugu wenyewe kutoka Songea. Mbwa wale hawakuulizwa ndugu.

Jumamosi hii Bartholomeo anapanda basi kwenda kuwatafuta akina Komba. Akiwapata, atarudi nao kabla trekta halijawashwa, walijengee kaburi kwa saruji. Mama Felista ameshaapa kwamba siku hiyo atajilaza juu yake tena.

"Ajilaze," anasema Bartholomeo, akiokota panga lake. "Safari hii nitamlipa. Amtukane anavyotaka, ila amtaje kwa jina lake."