Mama Mkwe, Mbuzi na Programu ya Kudarizi

Mama mkwe wangu hudarizi sare za kwaya sebuleni kwake Nyalikungu, kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Jumamosi hiyo kompyuta iligoma, na mgomo wenyewe niliuleta mimi. Nilifika asubuhi kutoka Bariadi, nikaipandisha kwenye mfumo mpya, nikajisifu mwenyewe. Mfumo ulikuwa unang'aa. Programu ya kudarizi haikufunguka. Kwaya ingefuata sare jioni ileile, na wakizikosa, kazi yao ingehamia kwa fundi wa Shinyanga.

Ugonjwa niliujua. Programu ile ya zamani huegemea mafaili ya zamani, laibrari kama tunavyoziita mafundi, na mfumo mpya ulikuwa umezifagia ukaleta za kwake. Kilichonitoa jasho ni kingine. Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Wenzangu wengi wameachana na hayo, ila yeye hajaacha, na mimi nampenda mno, sitaki kuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Msemaji wetu ni mke wangu, naye alikuwa sokoni akitafuta nyuzi. Basi mama akasimama uani, nyuma ya mlango wa jikoni, akamgeukia mbuzi aliyefungwa pale.

“Wewe mbuzi, muulize huyo aliyeko ndani, kompyuta yangu imepona?”

“Mbuzi,” nikajibu, nikimwita mama kwa kilugha chetu, “mwambie mayu bado kidogo.”

Mbuzi aliendelea kutafuna.

Nikapakua laibrari ya zamani, nikaibandika palepale ilipokuwa mpya. Lo, kompyuta nzima ikachanganyikiwa. Kishale kikaganda, kioo kikawa cheusi tii. Nikashikwa na kicheko, kile cha mtu aliyeharibu kitu cha mkwewe.

“Mbuzi, mwambie asicheke. Kwaya wanakuja.”

Niliiwasha kompyuta kwa flashi, nikairudisha laibrari mpya mahali pake. Nikiwa nasubiri, macho yakaenda mlango wa jikoni. Mimi huku, yeye kule, mbuzi katikati, na nyumba ina amani tele. Nilitaka kuruka kwa furaha. Kumbe laibrari ya zamani na mfumo mpya ni wakwe, nami nilikuwa nimewaweka chumba kimoja!

Nikaitengenezea laibrari ya zamani folda yake peke yake, kule pembeni, nikaielekeza programu ya kudarizi, na hiyo tu, iende kuulizia huko. Programu nyingine zote zibaki na mpya. Wasionane kabisa. Nikabofya.

Programu ikafunguka. Mashine ikanguruma, sindano ikaanza kushona msalaba wa dhahabu kwenye kola, na mimi nikacheza bega peke yangu katikati ya sebule.

Kigelegele kikapasuka uani. Kabla sijakaa sawa, mama mkwe alikuwa ameshaingia mbio, sare mikononi, akicheka, na tukatazamana uso kwa uso. Macho yake ni yaleyale ya mke wangu. Sikuwahi kujua.

Yeye akageuka akatoka kwa mlango wa jikoni, mimi nikatoka kwa dirisha. Nilikuwa bado nimejibanza ukutani, najipukuta vumbi, nilipomsikia anahema huku anacheka.

“Mbuzi,” akasema, “mwambie wabeja, asante sana. Na mwambie kwamba binti yangu hakukosea kuchagua.”