Fundi Aliyejinunua Mnadani

Eliasi wa mtaa wa Sakina huandika mabango kwa mkono, na herufi zake ni zile nene za zamani, zenye kivuli upande wa kulia, ambazo ukizitazama utadhani zimechomoza ukutani. Ukimpa nafasi atakusimulia habari ya kuku. Aliandika BUCHA kule Daraja Mbili, kuku akaruka ili atue juu ya B, akagonga ukuta, akaanguka chali. Ushahidi wote wa ufundi wake ni kuku mmoja, tena mjinga. Mwenyewe husema hivyo, halafu kesho anairudia.

Lakini siku hizi mabango yanachapishwa kwa mashine. Unaagiza asubuhi, mchana unatundika. Eliasi alimaliza miezi minne bila kazi, na iliuma. Akamwahidi mkewe, Tabea: "Jumapili ya mavuno natoa herufi zangu sadaka kanisani, zipigwe mnada. Zikikosa mtu, naweka brashi chini, naenda kupalilia kahawa ya kaka yako."

Ibada ikaisha, watu wakakusanyika uwanjani. Mkungu wa ndizi uligombewa. Jogoo naye aligombewa mpaka wazee wawili wakanuniana. Ndipo mzee wa kanisa, Godbless, akapaza sauti: "Sasa wapendwa, jina lako ukutani, kwa herufi zenye kivuli! Nani anaanza?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu akakohoa. Eliasi alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni, na kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ulikuwa juu.

"Amechukua Eliasi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na wa mwisho kunyamaza alikuwa shemeji yake, mwenye kahawa.

"Umejinunua," Tabea alimwambia njiani.

"Si zimepata mtu?"

"Haya, kaandike basi. Kilichotolewa kwa Mungu hakiachwi hivi hivi."

Jumatatu akatafuta ukuta wa kuandika jina lake. Ukuta aliokuwa nao ni mmoja tu, wa kibanda chake cha kazi, na haukuwa na hata herufi moja. Siku zote alijiambia kwamba fundi wa kweli hajitangazi. Akaandika ELIASI kwa rangi nyekundu na kivuli cheusi, na kwa kuwa nafasi ilibaki, akaongeza FUNDI WA MAANDISHI.

Alikuwa bado anafuta brashi mama mmoja wa makamo aliposimama mbele ya kibanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika ile bucha ya Daraja Mbili?"

"Ni mimi, mama. Tena kuna kuku..."

"Nimemtafuta mtu wa herufi hizi mpaka nikachoka. Bango la duka nimeshachapisha kwa mashine, limebaki la saluni ya binti yangu. Kwani ulikuwa umehamia wapi?"

Eliasi akautazama ukuta, rangi ikiwa bado mbichi.

"Nilikuwa hapa hapa, mama," akasema. "Miaka ishirini na miwili."