Mwana Aliyemwita Shemeji

Jiparkul alimzaa Bektemir akiwa bado bibi harusi wa juzi, na maziwa hayajamkauka mtoto akawa wa mama mkwe. Ndiyo desturi ya milima ya Naryn: mtoto wa kwanza ni wa bibi na babu. Alimnyonyesha mbele ya mkwewe, Sonunbubu, kisha akamrudisha mapajani kwa bibi yake. Mtoto alipoanza kusema, Sonunbubu akawa "mama", baba mzazi Taalai akawa "kaka", na Jiparkul, mke wa kaka, akawa "shemeji". Wageni walicheka. Jiparkul naye alicheka, akifa kizungu.

Yeye na Taalai walihamia mjini, Bektemir akabaki kijijini kwa bibi na babu. Huko mjini Jiparkul akawa anashona mazulia ya sufu. Alipata mabinti waliomwita mama kutwa nzima, lakini sikio lake lilimngoja yule mmoja.

Babu alipofariki, Sonunbubu na kijana, aliyekwisha kuvunja sauti, wakaja kuishi nao. Nyumba ikawa haikaliki. Taalai akimkanya Bektemir, bibi anamkingia kifua. Jiparkul akimwekea chakula, anakisukuma kando.

"Wewe si mama yangu, shemeji. Usinipangie."

Mwalimu wa kijana ndiye aliyewaelekeza kwa mshauri wa familia, Bi Gulsina, nyuma ya zahanati. Sonunbubu alikwenda amenuna.

"Tumekuwa vichaa sasa? Majirani watatucheka mpaka wachoke."

"Hakuna kichaa hapa, mama," alisema Gulsina. "Kila mtu atamwuliza mwenzake jambo ambalo hajawahi kumwuliza. Mmoja akijibu, wengine wananyamaza."

Mara za mwanzo waliishia kumaliza chai ya mwenyeji tu. Kisha siku moja Bektemir akamgeukia Jiparkul.

"Shemeji, uliponikabidhi kwa mama, ulilia?"

Jiparkul alimtazama mkwewe. Mkamwana hamlilii mkubwa usoni, na yeye alikuwa ameishika adabu hiyo miaka yote.

"Nililia zizini," alisema. "Katikati ya kondoo, watu wasinisikie."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, mwanangu?"

Taalai aliinamisha kichwa. Hata yeye hakuwa anajua. Sonunbubu alikuwa akikunjakunja ncha ya kitambaa chake.

"Mimi nilisikia," alisema bibi. "Nikawa nambembeleza mtoto kwa kuimba, ili nisikusikie. Nilizika wanangu kabla ya huyu Taalai. Nilitaka mmoja wa kulala naye bila hofu."

Tangu hapo nyumbani pakapoa. Taalai alijifunza kuuliza kabla ya kufoka, na Sonunbubu akaanza kumwita Jiparkul akae karibu naye mezani. Kijana naye akapata ulimi.

"Shemeji, chai hii umeipika au umeitishia moto tu?"

Lakini bado alikuwa shemeji. Siku moja, mbele ya Gulsina, Jiparkul alipiga moyo konde akamwomba Bektemir lile neno.

"Nitakuitaje mama, naye yupo?" alijibu kijana, kwa upole. "Nitamvunja moyo."

Jiparkul alikubali. Na, Mungu amsamehe, majira ya baridi yalipoingia alianza kukisikiliza kikohozi cha mkwewe kwa namna asiyoweza kumwambia mshauri yeyote.

Sonunbubu alifariki theluji ikianguka. Wanawake walikaa na maiti ndani ya hema la maombolezo, Jiparkul akiwa karibu kuliko wote. Wanaume walisimama nje na fimbo zao, wakilia kwa sauti kama inavyopasa. Akaitambua sauti ya mwanawe.

"Mama yangu! Mama yangu, umeniacha na nani?"

Alikuwa amelingoja neno hilo tangu zizini. Sasa alilisikia, likapita juu yake likamwendea maiti. Akalia bila kujificha, na majirani wakasema kweli alimpenda mkwewe.

Jioni Bektemir aliinama mlangoni akiwa na bakuli la mchuzi, macho yamemvimba.

"Shemeji, hujala tangu asubuhi," alisema. "Kula kidogo basi."

Akalipokea bakuli, akala.