Tetere Wanne Jikoni

Mtunza ghala la mbegu, ambaye wenzake walimwita Kufuli kwa ukali wake wa milango, alisimama ghafla uani. Tetere mmoja alikuwa chini, mabawa yamelegea, kichwa kinayumba.

Aliwajua ndege hawa. Walikuja wawili wawili kila asubuhi. Hawachakuri kama kuku. Huokota kilicho wazi juu ya ardhi, kisha hutumbukiza mdomo majini na kufyonza bila kuinua kichwa. Akachungulia chini ya jukwaa la kupakulia. Punje nyekundu! Gunia la mbegu zilizotiwa dawa ya wadudu lilikuwa limepasuka jana, na wapakiaji wakaapa wamefagia.

Simu ikalia. Ni shemeji yake, mchomeleaji.

"Shemeji, leo hatuli majani! Nimeokota njiwa wanne, wamejikalia tu kama wananingoja. Mama ameshawapika watatu."

Kufuli akamtazama tena tetere aliyelala uani. "Wa kufugwa au wa porini?"

"Njiwa si njiwa tu?"

"Mwangalie huyo wa nne. Kisogoni ana mstari mweusi, kama ukosi wa shati?"

"Anao."

"Ni tetere! Sikiliza, msi—"

Simu ikazima. Chaji imekwisha.

Alitoka mbio, viatu mkononi. Alipoingia jikoni kwa wakwe zake, mama mkwe alikuwa anapeleka paja mdomoni. Kufuli akampiga kofi mkononi, nyama ikaruka hadi mlangoni.

"Unanipiga mimi, mama yako?"

Kufuli alichukua gole la ndege, kile kifuko cha chakula cha shingoni, kwenye bakuli la taka, akalipasua kwa kisu. Punje nyekundu zikamwagika mezani.

"Sumu hii, mama. Nani ameshaonja?"

Mama mkwe akageuka polepole. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamchuruzika, mate yamemjaa mdomoni.

"Maini tu," alisema. "Nilionja maini tu."

Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda, Kufuli amemkumbatia kwa nyuma asidondoke, mama mkwe akifuata kwa miguu. Daktari alichelewa kutoka. Alipotoka, alisema mgonjwa atapona, ila atalazwa. Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa amekauka kama gogo, alipoangua kilio.

Kisha akajifuta uso, akamsukuma Kufuli begani.

"Nenda, mwanangu. Huyu nitamkalia mimi. Kuna majiko mengine mtaani."

Kufuli akaanza na nyumba iliyopakana na ghala, akibisha hodi kwa ngumi.