Uzito Usioulizwa

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu mazito, hakuna upepo.

Siku za manyunyu kamba za katani hunyonya unyevu, zikakakamaa na kuwa nzito mkononi. Ndiyo sababu Mzee Kamba aliamka mapema kuliko kawaida yake. Alikuwa na sababu nyingine pia, lakini hiyo hakumwambia mkewe. Alikaa tu mezani, ameshika kikombe kama mtu aliyeshikishwa na kuambiwa asubiri.

"Hiyo chai imekukosea nini?" mkewe aliuliza huku akifunga kilemba chake cha kazini. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na hakuwa na muda wa kubembeleza watu.

"Haipiti."

"Baba watoto, ukienda na tumbo tupu utaanguka wewe kabla ya huyo binti mnayemrusha leo."

"Usilitaje neno hilo asubuhi asubuhi!"

Mkewe aliacha kufunga kilemba. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akiifokea chai, sembuse yeye.

Mzee Kamba hakuwa mzee kihivyo. Jina lilitokana na kazi. Akiwa kijana alikwenda kupaka rangi dari la jumba la maonyesho la mjini, akapanda juu, akaziona roda, yale magurudumu ya kupitishia kamba, na kamba zilivyosukwa gizani, na kama mkewe alivyozoea kusema, hakushuka tena. Kikundi cha baleti cha jumba lile ndicho kilichomlisha na kumsomeshea watoto. Wachezaji waliruka juu ya jukwaa kwa miguu yao. Walipotakiwa kuruka juu zaidi ya pale miguu inapofika, waliruka kwa mikono yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchezaji anavaa mkanda wa ngozi ndani ya nguo, mgongoni kuna kulabu, kwenye kulabu kuna waya mwembamba unaopanda hadi kwenye roda. Upande wa pili wa roda unaning'inia mfuko wa turubai uliojazwa mchanga. Mchanga ukilingana na uzito wa mchezaji, mtu mmoja anaweza kumpandisha na kumshusha taratibu kama anavuta pazia. Mchanga ukipungua, mchezaji anashuka kwa kishindo. Ukizidi, anafyatuka kwenda juu, na juu kuna bomba la chuma linalobeba taa. Kila anayeruka ana mfuko wake. Mzee Kamba aliipima mifuko kila Jumatatu, kwa sababu kila Jumatatu wachezaji walipandishwa kwenye mizani.

Mizani hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mchezaji mkuu wa kikundi, waliyemwita Twiga kwa ajili ya shingo yake, aliondoka na kwenda moja kwa moja magazetini. Alisema wasichana wanapimwa hadharani kama viazi, na anayezidi husimamishwa pembeni huku wenzake wakimtazama. Alisema kweli. Watu walikuja na mabango langoni, wafadhili wakageuza kisogo, na halmashauri, iliyomiliki jengo, ikatangaza kwamba kamati yake ingekuja kutazama onyesho na kuamua kama kikundi kiendelee au kifungwe na jumba lipangishwe kwa watu wa harusi.

Mkuu wa kikundi aliitwa Madam na kila mtu, hata na mumewe. Alikuwa ameicheza baleti ujanani, na sasa akisimama mlangoni hakuna aliyepita. Alipoona mambo yameharibika, aliamuru mizani itupwe nje mbele ya wapiga picha. Kisha akawakusanya wote jukwaani.

"Kuanzia leo," alisema, "nikimsikia mtu ndani ya jengo hili anataja uzito wa mchezaji, awe mwalimu, awe mfagizi, amemwaga unga. Mmenielewa?"

Walimwelewa. Wasichana walipiga makofi, wengine walilia. Mzee Kamba naye alipiga makofi, kwa sababu binti zake walikuwa rika lao na alikuwa akiichukia ile foleni ya Jumatatu. Mikono yake ilisimama katikati ya makofi. Sasa mifuko ataipima kwa kitu gani?

Nafasi ya Twiga alipewa msichana aliyeitwa Sindano. Katika sehemu ya mwisho ya onyesho yeye ndiye binti anayegeuka moshi, anapaa polepole kutoka motoni hadi anapotelea gizani. Mfuko wa Twiga ulikuwa bado unaning'inia pale, mzito kama ulivyoachwa.

Ipo njia ya kupima bila mizani, naye aliijua. Ni kumning'iniza mchezaji upande mmoja na mfuko upande wa pili, kisha kupunguza mchanga hadi wote wawili watulie hewani. Lakini jukwaa lilikuwa wazi mchana kutwa, waandishi wakiingia na kutoka. Nani angeamini kwamba yule si msichana anayepimwa tena, safari hii akiwa amefungwa kwenye waya? Aliiona picha yake gazetini kabla haijapigwa. Jumatatu mafundi umeme walilichukua jukwaa lote, hapakuwa na zoezi la kuruka. Akamvizia Sindano kwenye ngazi.

"Binti yangu, nataka kukuuliza jambo, ila usilipeleke mbele."

"Uliza, Mzee Kamba."

"Una kilo ngapi?"

Msichana alitazama juu na chini ya ngazi. "Umetumwa?"

"Nimetumwa na mchanga."

Alicheka kidogo, cheko la kukopa. "Hamsini na mbili."

Kweli, miezi iliyopita alikuwa hamsini na mbili. Mzee Kamba aliikumbuka namba hiyo. Akashukuru, akapunguza mchanga, akashona mdomo wa mfuko. Usiku hakupata usingizi, maana jambo moja lilimkera: msichana alijibu haraka mno.

Onyesho lilikuwa la mchana. Kamati ilikaa mstari wa mbele, watu watano wenye makoti yaliyolowa mabegani. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi sehemu ya mwisho. Ngoma zilipoanza kupigwa chini chini, Sindano alirudi nyuma ya mapazia ili afungwe waya. Nguo yake ilikuwa imejaa vizuri. Mzee Kamba aliingiza mkono mgongoni kutafuta kulabu, na vidole vyake vikakutana na pamba. Kulikuwa na tabaka la pamba lililoshonwa kiunoni, na jingine mbavuni. Chini ya pamba, ulimi wa bizimu ya mkanda ulikuwa umeingia kwenye tundu ambalo si la fundi. Lilikuwa tundu jipya lililochongwa kwa msumari, mbali kabisa na yale ya kiwandani.

Aliuacha mkono wake palepale.

"Umenidanganya," alinong'ona.

"Wanene ndio waliokuwa wanatolewa," Sindano alinong'ona bila kugeuka. "Sasa Madam anataka kamati ione wasichana wenye afya. Akijua nilivyokwisha, atanitoa. Chakula hakishuki, Mzee Kamba, si kwamba sitaki. Nikitolewa leo, na kikundi kikifungwa kesho, sitaruka tena maisha yangu."

"Kilo ngapi?"

"Sijui. Kweli sijui. Mizani si mliitupa?"

Madam alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, mikono kifuani, anatazama jukwaa. Mzee Kamba alifungua mdomo. Alitaka kusema, simamisha, mfuko ni mzito. Neno "mzito" ndilo lililokuwa limepigwa marufuku. Aliwaona wanawe, aliona ile chai mezani, aliona lango lina kufuli. Katika kusitasita huko muziki ulipanda, na Sindano akaingia kwenye mwanga.

Mzee Kamba alikamata kamba ya kushushia, akaizungusha mara moja mkononi, jambo ambalo mvuta kamba yeyote angemgombeza nalo. Akaachia kizuizi cha mfuko, akitumaini mikono yake itaushinda mchanga uliozidi.

Mfuko ulishuka kama ndoo kisimani. Msichana alinyakuliwa. Kamba ilipita katika viganja vyake ikiunguza, naye alijitupa chini kwa uzito wake wote, magoti sakafuni, na bado ilimburuta na kumwinua. Alitazama juu. Lile bomba la chuma lilikuwa pale, na kichwa kidogo chenye ua jeupe kikilifuata.

"Madam!" alipiga kelele, bila kujali nani anasikia. "Madam, ning'inia! Mfuko ni mzito kuliko mtoto!"

Madam aligeuka. Alitazama juu mara moja tu. Kisha yule mama, ambaye hakuna mtu jengoni aliyewahi kuthubutu kuutaja mwili wake, aliruka na viatu vyake virefu, akaidaka kamba juu ya mikono ya Mzee Kamba na kujiachia nayo mzima mzima. Kamba ilisimama. Juu, ua jeupe lilikuwa linaligusa bomba.

Wakabaki hivyo, wanahema kama wakimbiaji, uso kwa uso.

"Usiachie," Mzee Kamba alisema.

"Niachie niende wapi, baba?"

Pazia lilipofungwa walimshusha pamoja, shibiri kwa shibiri. Sindano aligusa sakafu na kuyumba. Madam alimdaka, akasikia pamba ikibonyea chini ya mikono yake. Aliibonyeza tena, taratibu.

Kamati haikutoa uamuzi siku hiyo. Waliahidi kwamba uamuzi utatangazwa. Mama mmoja kati yao, aliyekuwa wa mwisho kutoka, alimgeukia Madam mlangoni.

"Yule binti amekula nini leo?" aliuliza. Kisha akafungua mwavuli wake.

Jioni mke wa Mzee Kamba alimfunga mumewe viganja kwa kitambaa safi cha hospitali. "Kikifungwa je?" aliuliza.

"Sijui."

"Unatetemeka."

"Najua." Hofu ya kufungwa kwa kikundi alikuwa ameishi nayo kwa majuma. Ilikuwa imekuwa ndogo ghafla. Kilichomtetemesha ni lile ua jeupe, na vile alivyonyamaza wakati kinywa kilikuwa wazi.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Mzee Kamba alipita dukani akanunua mkate, akajaza chupa ya chai, akaenda jumbani ingawa hakuna aliyemwita. Sindano alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa. Waliketi pamoja mpaka akameza kipande kimoja, kisha kingine, bila kuharakishwa. Kisha Mzee Kamba akamwomba avae mkanda bila pamba. Hakufunga mlango wala hakuteremsha pazia. Alimfunga kwenye kulabu, akafumua mdomo wa mfuko kwa kisu, na kwa mikono yake yenye vitambaa akaanza kuchota mchanga, kopo baada ya kopo.

Madam aliingia, akasimama nyuma ya viti.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nampima, Madam."

Alingoja afukuzwe. Madam alikuja mbele, akapanda jukwaani, akaushika mfuko usiyumbe. Mzee Kamba akachota tena, na tena, hadi, alipomnyanyua msichana shibiri moja kutoka sakafuni, akatulia hapo hapo, hapandi, hashuki.