Wimbo wa Kioo Cheusi

Telesia wa Mahongole alikuwa mama wa macho. Hakusoma sana, darasa la nne baba yake aliona linamtosha mtoto wa kike. Alichokikosa shuleni alikiokota kwa kutazama. Akiona paa la jirani halitoi moshi asubuhi, alijua mna njaa au mna mgonjwa, na akishajua, usingizi ulimruka. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la viazi na mwana mmoja, Kristofa. Tangu hapo woga wa kumpoteza huyo mmoja aliulea kama mtoto wa pili.

Kristofa alikua, akadandia malori ya mbao, akawa utingo. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka ile, na Makambako ilijaa wageni na bidhaa zao. Mmoja wao, Rehani, alifungua kibanda cha gemu nyuma ya stendi, kwa mashine zilizotoka Dubai. Vijana wengine waligombania gemu za mpira na ngumi. Kristofa, lori likilala mjini, aliomba sahani moja ya gemu ambayo hakuna aliyeitaka, maana maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Ndani yake kulikuwa na kikundi cha wasafiri waliozunguka nchi ngeni, wakitoka kijiji hadi kijiji na kupigana na majoka njiani.

"Sasa unaelewaje, na husomi?" Telesia alimwuliza siku moja.

"Nasikiliza muziki, mama. Kijijini kuna wake, msituni wake. Ukibadilika tu, najua adui yuko karibu. Kuna mwingine wa nyumba ya wageni, wakilala pale wanaamka wazima. Mwenye masikio hapotei."

Telesia alicheka, akasema hata kuku huijua sauti ya anayewatupia mahindi.

Mwaka huo Kristofa alirudi nyumbani na kikohozi, mkanda ameutoboa tundu jipya. Akaenda hospitali Njombe, akarudi na vidonge. "Ni malaria sugu," alisema. "Itaisha." Mchana alikaa ukutani panapopiga jua, kajifunika kabuti, akivumisha wimbo mmoja wa gemu. Ulianza kwa sauti ndogo, ukadondoka polepole kama maji ya mvua kwenye ukingo wa bati, ukapanda kidogo kama mtu anayetaka kusema neno, kisha ukarudi mwanzo. Ulikuwa mzuri mno. Telesia aliusikia akauweka moyoni. Anayeumwa sana haimbi, alijiambia.

Alitaka kuamini hivyo, maana jembe la posa lilikwisha pokelewa kijijini Kichiwa, kwa wazazi wa Yunisi, mchumba wake, na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Akimtazama mwanawe alijiuliza jambo moja tu: huyu ataoa kweli? Kisha wimbo ule ulianza tena, naye akajijibu kwamba ataoa.

Wanawake wa Mahongole hawaachi sauti nzuri ipite bila maneno. Telesia aliwaimbia wenzake wa kwaya, nao wakaupachika maneno ya kumpokea bibi harusi: karibu mwana, nyumba ni yako, moto umewaka. Jumamosi moja, wakitoka kununua vitenge vya sare mjini, wakaujaribu njiani, wakipiga makofi, mpaka mbele ya kibanda cha Rehani.

Somoe, mke wa Rehani, alikuwa mlangoni akikaanga vitumbua. Kijiko kikasimama mkononi.

"Ee, akina mama! Nani kafariki?"

"Afariki nani, na sisi tuna harusi!" akajibu mmoja. "Mafuta yamekuingia masikioni?"

"Harusi!" Somoe akacheka mpaka akashika kiuno. "Jamani, mnamwingiza mwali wa watu ndani kwa wimbo wa kufa? Mimi nashinda nao hapa mlangoni. Wale wasafiri wa kwenye gemu wakiuawa wote, kioo kinakuwa cheusi, ndipo unapiga huo."

Wenzake wakaangua kicheko. Telesia hakucheka. Alimsogelea Somoe.

"Mwanangu Kristofa ndiye anayeuimba, dada."

"Kristofa?" Kicheko kikamkauka Somoe. "Hapana, mama. Huo aliuchukia. Ukianza tu anaruka kuzima mashine. Anasema una mkosi." Akamtazama Telesia usoni, akainamisha macho kwenye kikaango. "Yuko wapi siku hizi? Hatumwoni."

Telesia aliwaacha wenzake na vitenge vyao, akarudi Mahongole peke yake. Alimkuta Kristofa pale pale ukutani.

"Kristofa, ule wimbo wako ni wa nini?"

"Wa gemu tu, mama."

"Wa gemu mahali gani?"

Kristofa alivuta kabuti mpaka kidevuni. "Umepita kwa Somoe."

"Nimepita. Daktari alikuambia nini kule Njombe?"



"Aliniambia nisioe."

"Nawe ukaniacha ninunue sare?"

"Ulikuwa unafurahi, mama. Tangu baba azikwe sijakuona ukiimba. Kila asubuhi nilisema leo nitakwambia."

"Na Yunisi?"

"Sijamgusa. Haki ya Mungu, mama, sijamgusa."

Telesia alikaa chini kando yake. Alitaka kulia, akaona kwamba kulia kuna siku yake, lakini binti wa watu hawezi kungoja. Alfajiri alijifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi, akaenda Kichiwa mwenyewe. Hakumtuma mshenga. Mshenga angelipamba neno.

Mama yake Yunisi alimpokea kwa shangwe, akaagiza viazi viletwe. Telesia alisema kabla hajaketi: "Mama, nimekuja kuvunja. Mwanangu hataoa."

Shangwe ikakatika. "Mmepata mwenye elimu kuliko wetu?"

"Hapana. Anaumwa."

"Watu huumwa wakapona. Anaumwa nini?"

Nje, alikokuwa Yunisi akitwanga, mchi ulikuwa umenyamaza.

"Ugonjwa huu," Telesia alisema.

Neno "huu" lilitosha. Mwaka ule hakuna aliyeuliza upi. Mama yake Yunisi aliinuka, akatoka uani, na Telesia akasikia mtoto na mama wakizungumza kwa sauti ya chini.

Sahani ya viazi ililetwa, ikawekwa mbele yake. Hakuna aliyeketi naye. Telesia alikula peke yake, maana kuacha chakula cha watu ni tusi, na kwa siku hiyo alikwisha waumiza vya kutosha. Alipomaliza aliaga mlango mtupu, akashika njia ya kurudi kwa mgonjwa wake.