Mguu Ambao Simu Haikuuona

Niliuona mguu wa mama miezi miwili kabla mama hajafikishwa hospitali. Nimekana jambo hili mbele ya ndugu zangu, mbele ya mchungaji, na mara moja mbele ya wanafunzi wangu hapa Kitale, ambao hata hawakuwa wameniuliza. Mbali na mama, mtu mmoja tu anajua, na hajawahi kunisema.

Mama ana kisukari. Kwa miaka mingi alitoka nyumbani, nje kidogo ya Chwele, akaenda kliniki mjini Bungoma kila mwezi, kadi yake imefungwa kwenye leso pamoja na miwani. Kisha akaanza kukosa. Mwezi huu mvua, mwezi ujao matanga, mwezi wa tatu ng'ombe anakaribia kuzaa. Nikampigia simu kumhutubia. Nina shahada mbili, na zote mbili nilizitumia kumweleza mama habari za figo.

Sababu ilikuwa daktari mpya wa kliniki hiyo. Alikuwa amemwoa binti wa mdogo wake mama. Kwetu, mtoto wa dada yako ni wako, kwa hiyo daktari alikuwa mkwe wake. Na mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe, hampi mkono, sembuse kuvua viatu aguswe nyayo.

"Si ni daktari tu, mama," nilimwambia.

"Ni daktari kwa wengine."

Kisha kliniki ikaanza kuwapigia wagonjwa simu. Mama alipewa Jumatano, saa nne asubuhi, na mpigaji ni mkwe mwenyewe. Hakukosa hata mara moja. Alikuwa akioga kwanza, kisha akijipima sukari kwa kipimo alichopewa na kliniki. Aliiweka simu kwenye kigoda, akafungua spika, akaipa mgongo, akajifunika kitenge kichwani na kuongea na ukuta. Heshima ikatimia na sukari ikajulikana. Nilisimulia habari hiyo chumba cha walimu kana kwamba simu niliibuni mimi, na mchango wangu wote ulikuwa chaja.

Shule zilipofungwa nilienda kumwona, siku ya Jumatano. Nilipoingia sebuleni nilisikia harufu. Nikadhani panya amefia chini ya kochi, nikainama kumtafuta. Nikaona mguu wa mama, umefungwa kitambaa, na pale kitambaa kilipoishia vidole viwili vilikuwa vyeusi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amekanyaga kisiki cha bua la mahindi shambani na hakuhisi chochote. Akauvuta mguu ndani ya kitenge. Simu ikalia.

Mkwe alitusalimu. Nikamwitikia, akanitania kwamba sisi wa Kitale tunakula mahindi yote bila kuwabakishia wenzetu. Akauliza sukari, mama akamsomea. Akauliza dawa.

"Na miguu, mama? Hakuna kidonda?"

Mama alinitazama mimi kwanza. "Miguu iko," akauambia ukuta.

Ningeweza kufungua mdomo. Mila hiyo nilikuwa nimeicheka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na sasa niliikuta imekaa juu ya ulimi wangu. Kumwambia mwanamume habari za mguu wa mama mkwe wake, mama mwenyewe akisikia, niliona ni sawa na kumvua nguo sokoni. Nikanywa chai. Simu ilipokatika mama alisema ni jeraha tu, linakauka, nami nikakubali kuambiwa hivyo. Niliahidi kurudi wiki iliyofuata nimpeleke kwa daktari mwanamke. Wiki iliyofuata nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ile nyingine sikumbuki nilikuwa na nini.

Kila Jumatano nilimpigia baada ya saa nne.

"Amepiga?"

"Amepiga."

Basi nikaandika kwenye kundi la familia kwamba mama hajakosa kliniki hata siku moja. Wakanipongeza.

Ile harufu ilinifuata Kitale. Niliisikia darasani, nikaisikia kanisani wakati wa maombi, nikaisikia kwenye sweta iliyotoka kwa dobi. Nilifua viatu. Hatimaye nilinunua mtego wa panya, nikautilia dagaa wa omena, na kila asubuhi, mtu mzima mimi, nikawa naenda kuukagua nikiomba Mungu kuwe na panya. Hakuna aliyenaswa.

Kaka yangu ndiye aliyempeleka hospitali, siku mama aliposhindwa kuinuka. Alinipigia kuuliza kama nilikuwa nimeona chochote nilipokwenda. Nikasema hapana. Kesho yake akanipigia mkwe.

"Shemeji, niko nje ya wodi. Unajua siwezi kuingia." Alikuwa akiongea polepole. "Daktari wa upasuaji anauliza kidonda kina muda gani. Mama anasema wiki mbili."

Nikamuuliza kuna tofauti gani.

"Kama ni wiki mbili, watakisafisha wangoje. Kama ni cha zamani na wangoje, tutampoteza. Siku ile nilipopiga ulikuwa hapo nyumbani. Uliuona mguu?"

"Niliuona."

"Ulikuwa umeshakuwa mweusi?"

"Vidole viwili."

Hakunigombeza. Nilimsikia akimweleza mtu aliyekuwa karibu naye, wakaongea kwa sauti ya chini, mlango ukafunguliwa na kufungwa. Kisha akarudi kwenye simu.

"Basi wanakata leo," akasema. "Juu ya goti. Asante, shemeji."